Mchezo wa Kupokeana Mzigo

Kirua Vunjo,
Jumapili, 5 Februari 1995

Kwako Shangazi Theopista,

Shikamoo. Natumaini joto la Holili halijakumaliza na ile nyonga inakuachia ulale. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Baba bado anakohoa, na ng'ombe mweupe amenuna tangu ndama wake auzwe. Mkungu aliokuletea Mama Ruth kwenye lori lao la ndizi ni wa ile kona ya kihamba, shamba letu hapa nyumbani, uliyoipanda mwenyewe kabla hujahamia kwa mwanao Julius. Nimefunga na majani mabichi ya mgomba kwa sababu najua huko kwenu hata jani ni la kununua.

Nina jambo la kukuambia, na najua utaguna. Wiki mbili zilizopita, baada ya misa, walinijia wapagazi saba, wale wanaobeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Walisimama mlangoni kwangu kama watoto waliochelewa shule. Wanataka niwafundishe Kiingereza. Mwezi wa nane kuna usaili wa viongozi wa wageni, na usaili wenyewe ni wa mdomo. Njia wanaijua kuliko nyumba zao. Wanachokosa ni maneno ya kumweleza mgeni.

Mkubwa wao anaitwa Wenseslaus, ana miaka arobaini na minane. Amebeba mizigo miaka ishirini na miwili, na daktari amemwambia magoti yake hayatavuka msimu mwingine. Kahawa aliing'oa mwaka juzi ilipokosa bei, akapanda nyanya, zikaliwa na mvua. Akipita usaili atatembea na fimbo na begi dogo. Asipopita atakaa nyumbani aangalie migomba. Na Shangazi, mtu huyu anaelewa. Nilimpa karatasi ya Kiingereza akaniandikia maana yake yote bila kosa. Lakini kutamka hatamki. Ukimwuliza jina lake tu kwa Kiingereza, anatazama chini na jasho linamtoka.

Nimeazima ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika, ambalo siku hizi lina nafasi kuliko kahawa. Nataka kuwafundisha kwa michezo. Watoto wangu wa darasa la nne nikiwauliza ubaoni hawajui hata rangi, lakini wakicheza rede wanahesabu kwa Kiingereza mpaka hamsini huku wanaukwepa mpira. Nipe baraka zako, au angalau usinitukane sana.

Mwanao,
Dominika

*

Holili,
16 Februari 1995

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Ndizi zimefika, tumepika mtori siku mbili na Julius amekula mpaka akasahau habari za forodha. Nyonga ni ileile. Joto usiniulize. Mama Ruth alitaka kunibebea kikapu kutoka sokoni mpaka nyumbani, nikamwambia siku nitakayoshindwa kubeba kikapu changu ndiyo siku ya kuniletea padri. Baba yako mpe asali na tangawizi, aache kuvuta ile mitumba anayoiita tumbaku.

Sasa hilo la wapagazi. Kuwafundisha ni vizuri, ila kwa michezo sikuungi mkono. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na sikumbuki mtu aliyekijua kwa kurusha mpira. Lugha inaingia kwa kukaririshwa na kwa kuogopa kukosea. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Watakupenda sana, watacheka kila Jumapili, halafu mwezi wa nane watasimama mbele ya wakubwa na kicheko chao mdomoni. Na najua huwezi kuwachapa baba za watu. Ila waandikishe vitenzi, kila mtu ishirini kwa wiki, na asiyejua asimame mpaka mwisho wa kipindi.

Huyo Wenseslaus ni wa nani? Majina hayo yalikuwa mengi Kirua enzi zangu.

Nakutumia sabuni sita na kopo la mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo. Barua yako ilianza vizuri, mwandiko ukaharibika ukurasa wa pili. Usiandike umejilaza.

Shangazi yako,
Theopista

*

Kirua Vunjo,
Jumapili, 12 Machi 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa sabuni. Baba anakohoa kidogo sasa, asali imemsaidia ingawa tangawizi ameikataa. Mvua imeanza. Naandika nimekaa mezani, mgongo umenyooka, uone mwenyewe mwandiko.

Vitenzi niliwaandikisha, kwa heshima yako. Wiki iliyofuata walirudi watatu. Nikarudi kwenye michezo na ghala likajaa.

Tunacheza mmoja tunaouita mzigo. Wa kwanza anasema kwa Kiingereza, napanda mlima nimebeba hema. Wa pili anabeba hema na jiko. Wa tatu hema, jiko na mayai. Hivyo hivyo mpaka mzigo unakuwa vitu ishirini, na anayesahau kitu amekidondosha korongoni. Antoni, ndiye kijana wao na ndiye mchekeshaji, aliongeza mama mkwe wake juu ya mzigo, ikabidi kila anayefuata ambebe mama mkwe wa Antoni mpaka kileleni. Rede nayo tunacheza. Wanaume wazima wanarukaruka ndani ya ghala, na wanawake wamejaa dirishani. Antoni sasa anaongea sentensi nzima. Tito anauliza maswali mpaka nakosa majibu.

Wenseslaus alikuwa anacheka pamoja nao. Zamu yake ikifika alionyesha kwa mikono, hema hivi, jiko hivi, nikamwacha. Nilijua siku moja atasema tu.

Halafu Jumapili iliyopita nikaharibu, na sijui nimeharibu nini. Nilibuni mchezo wa kupitisha kitu kutoka mtu hadi mtu huku Tito anapiga debe. Debe likinyamaza, uliye nacho useme kwa Kiingereza jambo lolote la kweli. Nilichukua kipande cha mbao ya mringaringa kilichobaki mlango ulipotengenezwa. Kwa kuwa Antoni alikuwa anakiangusha kila mara, nikakitoboa nikatia kamba, kikawa cha kuvaa shingoni. Kikazunguka, watu wanacheka. Kikafika kwa Wenseslaus na debe likanyamaza. Alisimama, Shangazi, mikono imeshuka pembeni. Kisha akakivua, akakilaza mezani polepole, akachukua kofia yake na kwenda. Leo hakuja.

Uliuliza ni wa nani. Ni wa marehemu Thadeus, juu ya mfereji, karibu na shule uliyofundisha. Je, unamfahamu? Nimemkosea nini mtu huyu?

Mwanao,
Dominika

*

Kirua Vunjo,
Jumapili, 9 Aprili 1995

Shangazi,

Shikamoo. Huu ni mwezi mzima. Nimemwuliza Mama Ruth kama barua ilikufikia, akasema ilikufikia, uliisoma umesimama pale pale sokoni, ukaikunja, ukamwambia hakuna majibu. Unaumwa? Julius anaumwa? Kama nimekuudhi kwa habari ya vitenzi, nisamehe, nilikuwa natania.

Wenseslaus bado haji. Nilienda kwake, mkewe Monica akanikaribisha pombe ya mbege na kuniambia mzee yuko shambani, huku viatu vyake viko mlangoni. Monica akanisindikiza mpaka njiani. Anasema mumewe wiki iliyopita alishuka mlimani kwa kushikwa mkono. Anasema, mwalimu, kama kuna dawa ya huo mdomo, mwezi wa nane haupo mbali.

Pasaka njema. Niandikie hata mstari mmoja.

Dominika wako

*

Holili,
30 Aprili 1995

Mwanangu Dominika,

Mimi mzima, Julius mzima, nyumba yote nzima. Usimtafutie mtu ugonjwa. Sikuandika kwa sababu nilikuwa naogopa, na mwanamke wa umri wangu hapendi kuandika neno hilo.

Namfahamu. Mwaka 1959 alikuwa darasani kwangu, darasa la tano, safu ya pili karibu na dirisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilitaka shule yetu iwe ya kwanza kwa Kiingereza kuanzia Kirua mpaka Moshi mjini. Nilichonga kibao cha mringaringa, nikakitia kamba. Asubuhi nilimvika wa kwanza niliyemsikia akisema Kichagga. Yeye naye alitakiwa asikilize wenzake, na akimsikia mwingine akisema Kichagga amvike. Hivyo hivyo kutwa nzima. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia, fimbo tatu.

Unajua nilikiitaje? Mchezo. Nilimwandikia mkaguzi kabisa kwamba nimebuni mchezo wa kufundishia Kiingereza, naye akanisifu. Halafu mimi huyo huyo nikakuandikia kwamba sikubaliani na michezo.

Watoto walijifunza haraka kukitoa shingoni. Walitegeana, walichokozana ili mmoja ateleze. Wenseslaus alipovikwa mara ya kwanza hakukitoa. Nilimchapa tatu. Kesho yake nikamvika tena, kwa sababu nilimkuta nacho jana yake, na jioni akawa nacho. Nikafikiri ni ukaidi. Wiki nne, Dominika. Kila jioni fimbo tatu, na kila jioni alinyoosha mkono kabla sijamwambia. Hakulia hata siku moja, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Baadaye akaacha kusema kabisa, si Kichagga wala Kiingereza, kwa sababu asiyesema hakamatwi. Mwezi wa tano hakurudi shule. Baba yake Thadeus alikuja kuniuliza, nikamwambia mtoto wako ana kichwa kigumu.

Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi, nimekwisha kustaafu, nimekaa hapa naangalia malori. Mtoto yule hakushindwa mchezo. Alikataa kuwakamata wenzake. Nililielewa, kisha nikaliweka chini nikaendelea na maisha yangu, maana nani angeniuliza? Ndipo wewe ukaniandikia habari ya kibao chenye kamba. Hukumkosea wewe. Ulivaa viatu vyangu bila kujua ni vya nani.

Kibao ninacho. Kinazuia mguu wa kabati usiyumbe, na kila nikifagia nakiona.

Sasa nisikilize. Nenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, upande wa chini, ukate jani la isale lililonyooka, ulifunge fundo, umpelekee kwa niaba yangu. Mwambie Mwalimu Theopista anaomba msamaha. Huku Holili isale haioti, imekauka kila nilipoipanda. Wewe ni damu yangu, itatosha.

Shangazi yako,
Theopista

*

Kirua Vunjo,
Jumapili, 21 Mei 1995

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote. Barua yako nilikaa nayo wiki mbili bila kufanya lolote, na sitakuficha: nilikasirika. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, umenipakata, hujanipiga hata kofi. Nikawa najiuliza yule mwalimu mwenye kibao alikuwa nani, na kwa nini mimi nilipata Shangazi na mtoto wa Thadeus akapata huyo mwingine. Nimeandika barua tatu za ukali nikazitia motoni. Basi, yameisha, nimesema.

Isale nilikata, nikaenda. Safari hii alitoka nje. Nilimpa salamu zako nikanyoosha jani. Aliliangalia bila kulipokea. Kisha akaniambia nikae, akasema kwa Kichagga, na huyu mtu ambaye darasani ni bubu, kwa Kichagga ana sauti nzuri kama ya kwaya.

Alisema, "Ili nikivue kile kibao ilinibidi nitege sikio, nani amesema neno la mama yake. Siku ya kwanza nilimsikia Elisifa, tuliyesoma naye, akiomba maji. Alikuwa na kiu. Nikajiuliza, nimuuze mtu kwa sababu ya kiu? Nikakaa nacho. Nilifikiri Mwalimu ataona. Kila jioni nilifikiri leo ataona."

Nikamwambia sasa ameona. Akatikisa kichwa. "Isale hakuna Mchagga anayeikataa, hata mimi siwezi. Ndiyo maana nakuomba usinipe. Wewe hukunichapa. Mwalimu anayo miguu, na aje nayo ghalani. Na kibao aje nacho."

Nimerudi na jani langu. Nimelichomeka kwenye tundu la ukuta jikoni, bado bichi.

Zimebaki wiki kumi na tatu. Kila Jumapili nikiwahesabu nafika sita.

Mwanao,
Dominika

*

Holili,
4 Juni 1995

Dominika,

Barua nimeipata. Haiwezekani. Nyonga haipandi gari, daktari wa Himo amesema hivyo. Julius hana nafasi, mizigo ya mahindi imekwama mpakani. Tena nitasimamaje mbele ya wapagazi saba ambao sita kati yao sijawahi kuwafundisha, nianze kueleza mambo ya mwaka 1959? Mwambie nimemsikia. Mwambie namwombea kila jioni.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Theopista

*

Kirua Vunjo,
11 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Maji hayazoleki, ila mtu mwenye kiu hupewa mengine.

Lori la akina Mama Ruth hushuka Holili na ndizi kila Ijumaa, na kila Jumamosi adhuhuri hurudi tupu. Kiti cha mbele kina godoro. Nimeshazungumza na dereva, anapita polepole kwenye mashimo.

Tarehe moja mpaka nane Julai sitakuwepo, nimeitwa Moshi kusahihisha mitihani ya majaribio. Kwa hiyo kama unaogopa nitakutazama, sitakutazama. Kitanda changu kitakuwa wazi na Baba atakupikia.

Dominika

*

Kirua Vunjo, nyumbani kwako, kwenye meza yako inayoyumba,
Jumatatu, 3 Julai 1995

Mwanangu Dominika,

Nakuandikia wewe uliyeko Moshi kutoka kwenye kiti chako mwenyewe, mambo yamegeuka. Habari za kazi? Usiwape alama za huruma. Baba yako mzima, jana alipika kiburu akaunguza sufuria yako mpya, akaificha nyuma ya banda. Dereva wa lori alisema kweli kuhusu godoro, ila kuhusu mashimo alikudanganya.

Nimefika Jumamosi jioni. Jana baada ya misa nilikata isale mwenyewe kwenye mpaka, lile la jikoni kwako nililiacha. Baba yako alinishika mkono mpaka ghalani. Kikapu nilibeba mwenyewe, na ndani ya kikapu kulikuwa na kibao.

Walikuwepo wote saba. Antoni, aliyeniona nikishuka kwenye lori, alikuwa amemwambia Wenseslaus kwamba leo Mwalimu anakuja. Sita walinipa shikamoo. Yeye alisimama nyuma, karibu na mizani ya kahawa. Nisingemjua, ana mvi. Lakini aliponiona alinyoosha mkono kidogo, hivi, kiganja juu, halafu akaurudisha haraka. Sidhani hata alijua ameunyoosha. Dominika, pale nilitaka ardhi inimeze.

Nilienda mpaka kwake. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaisahau, nikasema tu, nilikukosea, wewe ulikuwa na haki na mimi mwalimu wako nilikuwa kipofu. Nikampa isale. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Hakusema amenisamehe. Alisema kwa Kichagga, "Sasa vaa."

Nikavaa kibao. Ni chepesi sana, sikuwahi kukivaa miaka yote ile na nilidhani ni kizito zaidi. Antoni akanieleza sheria yenu, kwamba mwenye kibao aseme kwa Kiingereza jambo lolote la kweli. Nikaona hili ni dogo kwangu. Nikaanza kwa sauti yangu ya darasani: palikuwa na mtoto katika darasa langu. Sawasawa. Mtoto huyo alikuwa. Hapo nikakwama.

Si kwamba sikuwa na neno. Nilikuwa nayo mengi, hakuna lililokubali kutoka. Watu saba wananitazama, na hakuna anayeruhusiwa kunisaidia kwa sababu ndivyo mchezo ulivyo, mwenye kibao ni wa peke yake. Jasho likanitoka mgongoni. Miaka thelathini na moja niliwafanyia watoto kitu hiki, na sikujua kinafananaje kwa ndani. Nikaanza kulia, mimi, mbele ya baba za watu.

Nikasikia magoti yakilia. Wenseslaus alikuwa anakuja. Akasimama mbele yangu akasema kwa Kiswahili kama anavyosema mtu yeyote akikutana na mzee njiani, "Mwalimu, nikupokee." Akainua kamba juu ya kichwa changu, taratibu asivute nywele, akajivika mwenyewe. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyo yupo hapa. Anaitwa Wenseslaus. Ana watoto wanne. Mizigo yote aliyobeba mlimani hakuna mzito kama huu.

Alikosea kitenzi kimoja. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimeacha kosa lipite.

Akaendelea kidogo, naye akakwama. Na kabla hajatazama chini, Antoni akaruka kutoka kwenye gunia: "Baba, nikupokee." Akavaa yeye. Alipokwama Antoni, Tito akampokea. Wenseslaus akawaambia huko juu hawamwachi mtu na mzigo uliomshinda, basi na hapa iwe hivyo. Kwa hiyo mchezo wako umebadilishwa bila ruhusa yako. Mwenye kibao hakitoi kwa mwenzake. Anangoja mwenzake aje kukichukua, na asipotaka kungoja, anasema mwenyewe kwa Kiingereza, nipokee. Tumecheza mpaka jua likaingia nyuma ya migomba. Nami nimecheza. Nimemdondosha mama mkwe wa Antoni korongoni mara mbili.

Nitakaa mpaka Ijumaa, lori likishuka. Jumatano wamekubali kuja tena. Kibao nimewaachia.

Shangazi yako,
Theopista

*

Kirua Vunjo,
Jumapili, 27 Agosti 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole na safari ya kurudi ingawa ni ya siku nyingi. Baba amekiri habari ya sufuria. Hatujambo wote, na leo ni zaidi ya hatujambo.

Usaili ulikuwa Jumanne. Waliingia mmoja mmoja, mlango unafungwa. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha wiki nzima: huko ndani hakuna wa kumpokea. Nilimpeleka Wenseslaus mpaka getini. Alivaa shati lile la siku ya isale. Alikaa ndani muda mrefu kuliko wote, mpaka Monica akaanza rozari ya pili.

Alivyotusimulia ni hivi. Walimwuliza jina, akajibu. Wakamwuliza mgeni akiumwa kichwa na kutapika kule juu unafanya nini, akajibu vizuri, amewashusha wengi. Kisha mmoja akamwambia aeleze miti ya msituni. Hapo maneno yakakatika. Anasema aliisikia kamba shingoni, kabisa. Akatazama chini. Yule bwana akachukua kalamu aandike.

Ndipo Wenseslaus akainua uso akamwambia kwa Kiingereza, "Bwana, mzigo huu umenishinda kidogo. Nipokee."

Bwana yule akaweka kalamu. Akamwuliza anamaanisha nini, akamweleza, ndivyo wanavyosema wabebaji wakichoka. Yule akacheka, akasema haya, usinitajie miti yote, niambie mmoja tu. Akamwambia mringaringa. Unavyokua, maua yake meupe, mizinga ya nyuki inayochongwa humo, milango, na kwamba zamani kuna mwalimu alichonga humo kitu cha kuvaa watoto, na kwamba mwalimu huyo sasa ni rafiki yake. Wakamwambia inatosha. Alipokuwa anatoka, yule bwana alimwambia mwenzake kwamba kiongozi anayejua kusema amezidiwa ndiye atakayerudisha wageni salama.

Majina yalibandikwa Ijumaa. Wamepita watano. Wenseslaus ni wa tatu. Antoni hakupita, amesema makosa ni ya mama mkwe, atarudi mwakani. Monica alinikumbatia akaninyanyua, na unajua uzito wangu.

Jioni Wenseslaus alikuja na kibao mkononi. Alisema, "Mpelekee Mwalimu. Mwambie mwaka ule sikumpa mtu. Yeye ndiye wa kwanza ninayempa, na si kwa kosa." Kwa hiyo kimo ndani ya kifurushi hiki, chini ya ndizi. Kamba ni mpya, ameisokota mwenyewe.

Jumapili ijayo ghalani wanakuja kumi na wawili. Wengine ni wanawake.

Mwanao,
Dominika

*

Holili,
3 Septemba 1995

Mwanangu Dominika,

Hatujambo, joto ni lilelile, namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale sokoni, na safari hii majibu yapo.

Kibao sitakirudisha kwenye mguu wa kabati, Julius amekwisha kupigilia msumari mlangoni. Kabati na liyumbe. Mwambie Wenseslaus nimekipokea, na nimekivaa kuanzia sokoni mpaka nyumbani, watu wa forodha wakanishangaa. Mwambie Antoni aniandikie barua ya Kiingereza kila wiki mpaka mwakani. Sitamchorea wino mwekundu. Nitajaribu.

Mkungu ulikuwa mkubwa na nyonga jana haikuwa nzuri. Nilifika kwenye ule mwinuko karibu na kituo cha mafuta nikasimama. Mama Ruth alikuwa nyuma yangu, akasema kama anavyosema kila wiki kwa miaka sita, "Mwalimu, nikupokee."

Nikampa.

Shangazi yako,
Theopista